Haidrojeni Majini: Hatima ya Chombo Iko Nchi Kavu

Kwamba haidrojeni inaweza kuendesha chombo cha majini si jambo la kubishania tena. Boti ya abiria 100 iitwayo Alsterwasser ilianza kuitumia mjini Hamburg mwaka 2008. Nyambizi za Ujerumani za aina ya 212A zimekuwa zikiitumia kupita kimya chini ya bahari tangu 2005. Machi 2023 kivuko cha Norwei, MF Hydra, kilianza kuvusha watu na magari kwa haidrojeni iliyogeuzwa kimiminika, na Julai 2024 boti Sea Change ikaanza kuchukua abiria katika ghuba ya San Francisco. Katika vyombo vyote hivi rafadha ilizunguka kama ilivyotarajiwa. Hata hivyo, miaka imepita na idadi yao bado ni ndogo mno, kiasi kwamba kila kinachozinduliwa hutangazwa kama cha kwanza cha namna fulani. Ukitafuta sababu ndani ya chumba cha injini utatoka mikono mitupu. Sababu iko gatini, na nyuma ya gati: mahali haidrojeni inapotengenezwa, umeme unaoitengeneza, lori linaloileta, na mfuko unaolipa. Kwa maoni yangu, mjadala mzima wa boti za haidrojeni umeangalia chombo kupita kiasi na kuisahau nchi kavu, ilhali huko ndiko chombo kinakoishi au kufa.

Kinachotafutwa kinaeleweka. Meli na boti za dunia hutoa karibu asilimia 3 ya gesi joto zinazotokana na shughuli za binadamu. Mwaka 2023 nchi wanachama wa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Baharini, IMO, zilikubaliana kwamba uchafuzi huo ufutwe ifikapo 2050 au karibu na hapo. Lakini Oktoba 2025 nchi hizo hizo ziliahirisha kwa mwaka mzima kura ya kupitisha kanuni ambazo zingewatoza wachafuzi. Katika hali hiyo haidrojeni huvutia kwa sifa mbili. Kwanza, kilo moja ina nishati ya yuniti 33 za umeme hivi, wakati kilo ya dizeli ina yuniti 12. Pili, ikiingizwa katika seli maalumu hukutana na oksijeni ya hewani kupitia utando mwembamba, umeme ukazalika, na kinachobaki ni maji na joto tu. Moshi hakuna, pistoni hazitetemi, wala mafuta hayamwagiki ziwani. Kanuni yenyewe ni ya zamani: William Grove wa Wales aliionyesha tangu 1839.

Lakini kilo ni kipimo kinachoipendelea haidrojeni. Chombo hubeba mizigo kwa uzito na kwa nafasi pia, na katika nafasi haidrojeni ni gesi ghali kuliko zote. Ikiachwa katika hali ya kawaida, kilo moja hujaza mita za ujazo 12 hivi. Ikishindiliwa kwa mgandamizo wa baa 350 huingia katika lita 42, nazo zinahitaji mtungi mzito usiopasuka. Ikipozwa hadi nyuzi 253 chini ya sifuri hugeuka kimiminika na kuenea katika lita 14. Nishati hiyo hiyo katika dizeli huenea katika lita 3 na kitu, ndani ya tangi la bati ambalo fundi yeyote wa bandarini anaweza kulichomea. Kuipoza nako si bure: kila kilo hula yuniti 10 au zaidi, karibu theluthi ya nishati iliyomo. Kwa hiyo, kabla chombo hakijang'oa nanga, kuna kazi ya kutengeneza, kushindilia, kupoza, kuhifadhi na kusafirisha ambayo dizeli haikuwahi kuidai, na yote hufanywa ardhini.

Hydra ni mfano unaostahili kutazamwa kwa makini, kwa kuwa Wanorwei hawakufanya mzaha. Idara ya barabara ya taifa lao ilidai katika zabuni kwamba kivuko cha njia ya Hjelmeland, Skipavik na Nesvik kipate angalau nusu ya nishati yake kutoka kwa haidrojeni. Kampuni ya Norled ikajenga chombo cha urefu wa mita 82, chenye nafasi ya abiria 300 na magari 80, kikiwa na tangi la mita za ujazo 80 juu ya paa, seli mbili za kilowati 200 kila moja, betri, na jenereta za dizeli za akiba. Kilikabidhiwa 2021, lakini karibu miaka miwili ikapita kabla hakijaanza kutumia haidrojeni, kwani ilibidi vibali vipatikane kwa mafuta ambayo hakuna kivuko kilichowahi kuyatumia katika hali ya kimiminika. Kanuni za IMO za mafuta ya gesi, zilizoanza kutumika 2017, ziliandikwa zaidi kwa ajili ya gesi asilia. Kilipoanza, kilifanya kazi. Ila haidrojeni yake ilitoka kiwandani Leuna, mashariki mwa Ujerumani, ikabebwa na lori zaidi ya kilomita 1,000 hadi kwenye hori la Norwei. Nchi ambayo karibu umeme wake wote unatokana na maporomoko ya maji ilikuwa inaagiza mafuta ya kivuko kutoka nchi nyingine, kwa barabara. Na katika njia hiyo hiyo kivuko mwenzake, MF Nesvik, kinatumia betri zinazochajiwa kwa umeme wa hapo hapo. Hydra ilithibitisha kwamba mabaharia na wakaguzi wanaweza kuimudu haidrojeni kimiminika. Nesvik ikathibitisha kwamba njia hiyo haikuihitaji.

Hamburg ilipata somo kama hilo kwa uchungu zaidi. Alsterwasser ilisifiwa, ikapakia watalii, ikazunguka katika Ziwa Alster miaka kadhaa. Mwaka 2013 ilisimama. Seli zake hazikufa. Kituo cha kujazia haidrojeni ndicho kilichofungwa, kwa kuwa boti moja haikutosha kukilipia gharama. Sea Change nayo, yenye nafasi ya abiria 75 na mitungi ya kilo 246 hivi sitahani, ilianza safari zake kama jaribio la miezi sita, nauli ikiwa bure, na haidrojeni ikiletwa na malori. Hapa ndipo mahali penye ugumu wa kiuchumi ambao maelezo ya kiufundi huuficha. Dizeli ina wateja elfu: lori, trekta, jenereta, basi. Kivuko kikiharibika wiki mbili, mwenye kituo cha dizeli hatambui. Kituo cha haidrojeni cha bandarini mara nyingi kina mteja mmoja, na mteja huyo akiingia chelezoni, kituo kizima hukaa kikilipa riba bila kuuza kilo hata moja.

Hesabu ifuatayo ni ya mfano, lakini kila namba yake iko ndani ya viwango vya kawaida vya mitambo ya leo. Chukua chombo kinachohitaji nguvu ya megawati 5 kwa saa mbili, yaani yuniti 10,000 zifike kwenye rafadha. Kwa dizeli, injini ikitumia asilimia 40 ya nishati ya mafuta, utachoma lita 2,500. Kwa dola 1 ya Marekani kwa lita, ni dola 2,500. Kwa betri, ukitoa kinachopotea katika kuchaji na kutumia, utanunua kama yuniti 11,800. Kwa senti 10 kwa yuniti, ni dola 1,180. Kwa haidrojeni, seli zikigeuza nusu ya nishati kuwa umeme, utahitaji kilo 600, na kuzitenga kutoka kwenye maji kwa umeme, kila kilo ikila yuniti 55, kutachukua yuniti 33,000, yaani dola 3,300. Hiyo ni bei ya umeme peke yake. Mtambo wa kutenga maji, pampu, mitungi, wafanyakazi na lori havijaingia. Kwa maneno mengine, kwa kila safari moja ya haidrojeni, umeme ule ule ungetosha karibu safari tatu za betri.

Kuna wanaosema gharama si kitu mradi hewa ibaki safi. Hewa nayo ina hesabu yake. Kwa takwimu za Shirika la Kimataifa la Nishati, dunia ilitumia tani milioni 97 hivi za haidrojeni mwaka 2023, na isiyofika asilimia 1 ndiyo iliyotengenezwa kwa njia yenye uchafuzi mdogo. Iliyobaki ilitokana hasa na gesi asilia na makaa ya mawe. Haidrojeni ya gesi asilia huacha nyuma kilo 10 hivi za hewa ya ukaa kwa kila kilo moja. Kwa hiyo zile kilo 600 za mfano wetu zina tani 6, wakati lita 2,500 za dizeli hutoa tani 6 na robo tatu. Ongeza kupoza na kusafirisha, tofauti yote imekwisha. Mbaya zaidi ni kutenga maji kwa umeme wa gridi inayotegemea gesi: kama kila yuniti imetoa nusu kilo ya hewa ya ukaa, yuniti 33,000 ni zaidi ya tani 16, mara mbili na nusu ya dizeli iliyokimbiwa. Haidrojeni yenyewe ikivuja huchangia joto la dunia kwa njia ya mzunguko, kwa kuathiri gesi nyingine za angani. Boti isiyotoa moshi inaweza basi kuwa imeuacha moshi wake kwenye bomba la kiwanda ambacho abiria hatakiona kamwe.

Ikiwa hesabu ni mbaya hivi, kwa nini haidrojeni isitupwe moja kwa moja? Kwa sababu betri nayo ina ukuta wake, na ukuta huo ni uzito. Meli ya China Zorrilla, iliyoshushwa majini Tasmania mwaka 2025 kwa safari za kati ya Argentina na Uruguay, ina betri za yuniti 40,000 zenye uzito wa zaidi ya tani 250. Kwa kiwango hicho, chombo chetu cha mfano kingebeba tani 80 za betri kwa safari ya saa mbili, ukiweka na akiba. Haidrojeni iliyoshindiliwa pamoja na mitungi yake ingekuwa tani 10 hadi 12. Safari ikiwa ya saa mbili na gati lina umeme, tani 80 zinavumilika katika meli kubwa. Safari ikiwa ya saa nne katika bahari chafu, betri huanza kubeba betri. Nyambizi ni mfano wa ncha kabisa: chini ya maji haina pa kuchaji wala hewa ya kuendeshea dizeli, kwa hiyo jeshi hulipa bei yoyote. Kati ya kivuko kifupi na nyambizi kuna ukanda mwembamba, wa njia ndefu mno kwa betri na zinazorudiwa kila siku, ambamo haidrojeni ina haki ya kusikilizwa.

Mfano bora wa ukanda huo uko Norwei hiyo hiyo. Njia ya Bodø hadi Moskenes, katika Vestfjorden, ni ya kilomita 100 hivi za bahari wazi iliyo kaskazini ya Mstari wa Aktiki. Mwaka 2022 kampuni ya Torghatten Nord ilipewa mkataba wa miaka 15 wa kuihudumia kwa vivuko viwili vya haidrojeni, na makadirio ya matumizi ni tani 5 hadi 6 kwa siku. Linalonivutia katika mpango huo si ukubwa wa vivuko. Ni kwamba haidrojeni imepangwa kutengenezwa Bodø penyewe, kwa umeme wa Norwei, ikiwa na mnunuzi aliyefungwa kwa mkataba kwa muda mrefu wa kutosha kulipa mkopo wa mtambo, na serikali imekubali waziwazi kubeba tofauti ya bei. Gati na mafuta vimepangwa pamoja na chombo. Hamburg ilianza na chombo.

Pingamizi la kwanza dhidi ya hoja yangu ni la bei: paneli za jua zilikuwa ghali, leo ni rahisi, kwa nini haidrojeni isifuate njia hiyo? Mitambo ya kutenga maji itashuka bei, sina shaka. Lakini sehemu kubwa ya gharama ya kilo ya haidrojeni ni umeme, na umeme ukishuka bei, betri inanufaika nao pia. Uwiano wa karibu mara tatu niliouonyesha hautokani na uchanga wa teknolojia peke yake. Unatokana na kugeuza nishati mara mbili, kutoka umeme hadi gesi na kutoka gesi hadi umeme, na kila mgeuzo hutoza ushuru wake. Mwanya wa kweli ni umeme usio na mnunuzi, kama mvuke wa Olkaria nchini Kenya usiku wa manane ambapo viwanda vimelala. Hata hapo kuna mtego: mtambo unaofanya kazi saa chache kwa siku unagawa gharama yake kwa kilo chache, na kila kilo inapanda bei. Umeme wa bure hauzai haidrojeni ya bure.

Pingamizi la pili ni la gridi, na ni zito zaidi. Kuchaji chombo chetu cha mfano kwa saa moja kunadai zaidi ya megawati 11 kwenye gati moja, nguvu ambayo miji mingi midogo ya pwani haina. Kwa safari moja kwa siku, mtambo wa haidrojeni ungevuta megawati 1.4 tu mchana kutwa na usiku kucha, ukajaza mitungi polepole. Ni kweli, na mahali ambapo waya ni mwembamba faida hiyo ni halisi. Lakini Wanorwei walikutana na tatizo hili mwaka 2015 walipoanzisha MF Ampere, kivuko cha kwanza cha magari kinachotumia betri tupu, katika vijiji vyenye umeme hafifu. Waliweka betri kubwa nchi kavu kila upande wa hori; hizo hujazwa polepole, kivuko kikifika humiminiwa haraka. Ghala la umeme linaweza kuwa la betri au la mitungi. Lile linalorudisha sehemu kubwa zaidi ya ulichoweka ndilo la kuanza nalo, na hilo la pili ligeukiwe pale safari inapozidi uwezo wa la kwanza.

Wengine huuliza: kwa nini chombo kisijitengenezee haidrojeni kikiwa majini, kama Energy Observer ya Ufaransa? Jahazi hilo la mbio lililogeuzwa maabara mwaka 2017 husafisha maji ya bahari, huyatenga kwa umeme wa jua na kuhifadhi haidrojeni, na limesafiri dunia. Ni kazi ya kupigiwa makofi. Lakini paneli zake za karibu mita za mraba 200, hata jua likiwa la utosini, hutoa kilowati 40 hivi. Chombo cha megawati 5 kingehitaji mara 125 ya eneo hilo ili kwenda kwa wakati halisi, achilia mbali hasara ya kupitia haidrojeni. Wahandisi wa Antwerp walichagua njia nyingine: tagi Hydrotug, iliyoanza kazi 2023, huchoma haidrojeni pamoja na dizeli katika injini za pistoni. Ufanisi ni mdogo kuliko wa seli na oksidi za nitrojeni hubaki, ila haidrojeni ikikosekana tagi huendelea kuvuta meli kwa dizeli. Uamuzi huo wenyewe ni ushahidi: waliokijenga chombo waliamini injini yao, wakaweka kinga dhidi ya gati.

Usalama huzungumzwa zaidi ya yote, na kwa kawaida huzungumzwa vibaya, picha ya puto la Hindenburg lililoungua 1937 na kuua watu 36 ikitangulia mbele. Haidrojeni huwaka ikiwa kati ya asilimia 4 na 75 ya hewa, hushika kwa cheche ndogo sana, na mwali wake hauonekani vizuri mchana. Kwa upande mwingine ni nyepesi mara 14 kuliko hewa, kwa hiyo kwenye sitaha iliyo wazi hupaa na kutoweka, ndiyo maana matangi ya Hydra na Sea Change yamewekwa juu. Alsterwasser iliposhika moto 2010, chanzo kilikuwa betri zake za risasi. Mitungi ya haidrojeni haikudhurika. Ajali inayofundisha zaidi haikutokea majini: Juni 2019 kituo cha kujazia magari huko Sandvika, karibu na Oslo, kililipuka kwa sababu boliti za mtungi hazikuwa zimekazwa ipasavyo. Hatari ya haidrojeni basi ni hatari ya uzembe, na uzembe si mgeni katika maji yetu. MV Nyerere ilizama karibu na Ukara Septemba 2018 na watu zaidi ya 200 wakafa, katika kivuko kilichojengwa kubeba 101. Pale ambapo kuhesabu abiria kumeshindikana, kukagua boliti na vihisi vya gesi kila zamu ni ahadi nzito.

Kwa meli za kuvuka bahari kuu haidrojeni tupu haina nafasi. Tangi lingekula mzigo. Huko inarudi kwa sura nyingine, kama malighafi ya amonia na methanoli. Amonia hugeuka kimiminika kwa nyuzi 33 chini ya sifuri, si 253, na tayari husafirishwa baharini kwa ajili ya mbolea, ingawa ni sumu kali. Methanoli hukaa katika tangi la kawaida, na meli ya Laura Mærsk imekuwa ikiitumia tangu 2023. Ndiyo sababu mipango mikubwa ya Oman ya kuzalisha haidrojeni kwa jua na upepo wa jangwani inaihesabu amonia kama njia kuu ya kuisafirisha. Mkakati wa Kenya wa haidrojeni safi, uliozinduliwa Nairobi Septemba 2023, nao umeweka mbolea mbele. Ni mpangilio wa busara: mbolea inatumia haidrojeni kama haidrojeni, bila kuigeuza tena umeme, na ina wanunuzi wengi kuliko kivuko chochote.

Kipimo hiki kikipelekwa kwenye maji ya Afrika Mashariki, majibu hutofautiana kwa njia. Likoni na Magogoni ni mikondo ya mita mia kadhaa tu. Feri na pantoni za huko zingeweza kuchajiwa kila zinapoteremsha magari, na kuzungumzia haidrojeni hapo ni kutafuta njia ndefu ya kufika karibu. Mashua za wavuvi wa Ziwa Victoria ziko katika kundi hilo hilo, na upande wa Kenya wapo wavuvi wanaokodi mashine za umeme zenye betri. Safari ndefu ya kutoka Kigoma hadi Mpulungu, ambayo MV Liemba ilifanya kwa miaka mingi, inazidi uwezo wa betri, lakini safari chache haziwezi kulipia mtambo wa haidrojeni. Dar es Salaam na Unguja ndiyo njia inayokaribia Vestfjorden kwa umbo: kilomita 70 na kitu, safari kila siku, bandari mbili zilezile. Lakini boti za huko hukimbia, na kasi hula nishati kuliko umbali. Kabla ya kuuliza mafuta gani, ingefaa kuuliza kama abiria yuko tayari kutumia saa tatu badala ya mbili. Zaidi ya hapo, umeme wa Unguja huletwa na kebo kutoka bara, kwa hiyo mtambo ungekaa upande wa Dar es Salaam, na nguvu ya megawati 2,115 ya bwawa la Julius Nyerere ingepaswa kwanza kushindaniwa na viwanda na majumba yanayosubiri.

Lipo pingamizi la mwisho, ambalo ninalikubali nusu. Husemwa kwamba tukisubiri gati likamilike hakuna atakayejenga chombo, na tukisubiri vyombo hakuna atakayejenga gati. Basi vyombo vianze na haidrojeni yoyote, hata chafu, ili mabaharia wajifunze na kanuni ziandikwe. Hydra ilifanya hivyo hasa. Nakubali kuwa chombo cha kujifunzia kina thamani. Nisichokubali ni chombo cha kujifunzia kuuzwa kwa umma kama suluhisho lililokwisha kupatikana, bila tarehe ya kuacha mafuta ya lori na bila jina la atakayelipa ruzuku ikiisha. Somo likishajulikana, halina haja ya kulipiwa ada mara ya pili na nchi nyingine.

Kwa hiyo mradi wa boti ya haidrojeni upimwe kwa mambo ambayo hayamo kwenye mchoro wa boti. Umeme utakaotenga maji ni upi, na nani mwingine anauhitaji? Kuna mkataba wa ununuzi unaodumu kuliko mkopo wa mtambo? Njia yenyewe imeshindikana kwa betri kwa hesabu iliyoandikwa, au betri haikupigiwa hesabu kabisa? Mkaguzi ana mamlaka ya kuzuia safari waziri akiwa kwenye foleni? Njia zinazojibu vizuri ni chache, na kwa hizo haidrojeni inastahili fedha ya umma na subira. Kwa nyingi zilizobaki, waya na betri vitafanya kazi hiyo kwa theluthi ya umeme, na fedha itakayookolewa itatosha kununua chombo cha pili.